Mheshimiwa Waziri, ile ngome ya Kefalonia msiifanye mpya

Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Ugiriki

Mheshimiwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama tuko rika basi mambo vipi. Mi ni mbeba maboksi tu huku Ulaya, likizo yangu niliimalizia kisiwani Kefalonia na siku moja nikapanda mpaka ngome ya Mtakatifu George, ile iliyo juu ya kijiji cha Peratata, kama mita 320 kutoka usawa wa bahari, nikafika juu nahema kama mbuzi.

Ombi langu ni hili, hela ya ukarabati ikipatikana shikizeni kuta zisidondokee watu halafu mwishie hapo hapo. Msijenge upya kilichoanguka, maana kule kuanguka ndo historia yenyewe.

Watu wakisikia ni ngome ya Venisi, ule mji wa Italia uliokuwa dola enzi hizo, wanadhani Wavenisi walikuja wakajenga basi. Kumbe mlima ulikuwa na boma tangu enzi za Wabizanti, ile dola ya kale ya Konstantinopoli, Waturuki wakakichukua kisiwa 1479, na kuwatoa ikawa kazi kweli kweli! Novemba 1500 Wavenisi na Wahispania wakaizingira, jenerali wa Wahispania ni Gonzalo Fernández de Córdoba, mtu mzito huyo, na ana Pedro Navarro anachimba mashimo chini ya ukuta anajaza baruti, mizinga inapiga, na bado askari mia chache waliokuwa ndani wakakomaa mwezi na nusu. Walikuwa na mtambo wa ndoano za chuma, wanamnasa askari kwenye deraya yake wanamnyanyua juu kama samaki, Wahispania wakauita mbwamwitu. Ngome ikaanguka tarehe 24 Desemba, yaani mkesha wa Krismasi.

Sasa cha kushangaza, baada ya yote hayo vita sio iliyoihamisha watu. Ilikuwa makao makuu ya kisiwa, ina nyumba na makanisa, tetemeko la 1636 likaibomoa vibaya watu wakaendelea kukaa, ila biashara ilikuwa imeshateremka baharini, na 1757 serikali nayo ikahamia Argostoli kwenye bandari, nani tena apande mlima kila siku kufuata karani? Halafu Agosti 1953 ardhi ikatikisika tena, karibu kisiwa kizima kikalala chini isipokuwa Fiskardo kule kaskazini, na ngome ikapata kipigo kingine.

Kwa hiyo Mheshimiwa kila ufa wa kuta zile una tarehe yake, mkiuziba kwa saruji mpya mmeifuta. Pesa itakayobaki andikeni kibao kizuri getini, mkesha wa 1500 uwepo na wale waliokuwa ndani watajwe pia sio washindi peke yao, na kiandikwe Kigiriki, Kiingereza na Kituruki, maana wajukuu wa hao wenye ndoano nao wanakuja kutalii visiwani kwenu.

Ni mimi, mpanda mlima wenu wa siku moja.