Kaka, dakti usiweke: kuhusu viyoyozi vya nyumba ya Tanga

Columbus, Ohio

Kaka Salimu, shikamoo.

Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo imeshika.

Ramani ya nyumba nimeiona na makadirio ya fundi nimeyasoma mara mbili. Anataka kukuwekea mashine moja kubwa ya BTU 60,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) juu ya dari, kisha dakti, yaani mabomba mapana ya hewa, zisambaze hewa kila chumba. Jibu langu ni hapana. Weka spliti, vile viyoyozi vyenye kichwa cha ndani ukutani na mashine yake nje, moja kwa kila chumba mnachokitumia, na hela itakayookolewa iende kwenye ufungaji mzuri. Naeleza kwa kirefu kwa sababu najua atakuambia, "Mbona Marekani wote wanatumia dakti?"

Nyumba nyingi za huku zina dakti kweli, lakini kilichozileta ni baridi. Nyumba ya kawaida ya Ohio ina chumba chini ya ardhi, na humo kuna tanuru la gesi. Tanuru linapasha hewa, feni inaisukuma kwenye mabomba ya bati yanayopita chini ya sakafu na katikati ya kuta. Kuta zenyewe ni fremu za mbao, ndani wazi, kwa hiyo kupitisha bomba ni kazi ndogo. Kiyoyozi kilikuja baadaye, kikapachikwa juu ya tanuru na kutumia mabomba yaleyale. Mtu wa huku mwenye dakti nzima zisizovuja namshauri azitunze. Mwenye nyumba ya zamani iliyokuwa ikipashwa kwa radieta za maji moto, isiyo na dakti hata moja, namshauri aweke spliti za kupasha na kupoza, asibomoe kuta. Nyumba yenyewe ndiyo inayoamua.

Sasa nyumba yako ni ya tofali na zege, juu mabati. Dakti haina pa kupita ila kati ya jipsam na bati, na mchana wa kaskazi mahali hapo panafika nyuzi 50. Ndipo fundi anapotaka kupitisha hewa ya nyuzi 13. ENERGY STAR, mpango wa serikali ya huku, unasema katika nyumba ya kawaida asilimia 20 hadi 30 ya hewa iliyo kwenye dakti hupotea kwa matundu na maungio mabovu. Hayo ni mahali ambapo mafundi wa dakti wamejaa na kuna mashine maalumu za kupimia uvujaji.

Tena joto si baya kama unyevu. Unajua glasi ya maji baridi inavyotoa jasho pale mezani kwenu. Hewa ya Tanga wakati wa joto hulowesha kitu chochote chenye nyuzi 24 hivi kwenda chini. Pamba ya kioo iliyozungushiwa dakti ikiachia mahali padogo kama kiganja, bati linalowa, matone yanadondokea jipsam, doa la kahawia linatokea, halafu ukungu mweusi. Kulitengeneza lazima dari ifumuliwe. Na usiku mmelala vyumba vitatu, mashine inapoza sebule, korido na chumba cha wageni. Ikiungua bodi ya umeme iliyo ndani ya mashine, nyumba nzima inalala na joto.

Fundi akikubali kuacha dakti, huenda akaleta wazo la mashine moja ya nje yenye vichwa vinne vya ndani. Nalo likatae. Kompresa ikifa, vichwa vyote vinne vimekufa, na kichwa kimoja kikiwaka peke yake, mashine kubwa ya nje haiwezi kujishusha vya kutosha, inawaka na kuzima usiku kucha. Kila chumba kiwe na ya kwake.

Ukubwa nimeupiga kutoka kwenye ramani, kwa kadirio la BTU 650 kwa kila mita ya mraba, maana juu ni bati. Chumba cha watoto ni mita 3.5 kwa 3.5, yaani kama mita 12 za mraba: BTU 9,000. Chumba chenu ni 4 kwa 4.5: BTU 12,000. Sebule pamoja na pa kulia chakula ni 5 kwa 7: BTU 24,000. Usikubali kuongezewa "ili ipoze haraka". Kiyoyozi kinakausha hewa pale tu kinapokuwa kinafanya kazi mfululizo, maji yakijikusanya kwenye koili yake, yale mabomba baridi ya ndani, na kutoka nje. Kikiwa kikubwa kuliko chumba, kinafikisha baridi kwa dakika chache na kuzima kabla unyevu haujatoka. Mnalala kwenye chumba baridi chenye shuka chepechepe.

Chukua za inveta, zinazoweza kubadili kasi ya kompresa. Ya BTU 12,000 inakula karibu kilowati moja ikikaza mwendo, lakini chumba kikishapoa inapunguza yenyewe. Ikienda kwa wastani wa nusu kilowati, saa nane za usiku ni yuniti nne za LUKU. Iwekeni nyuzi 25 au 26, feni ya dari izunguke polepole, mtaona inatosha.

Kwenye kufunga ndiko mashine nyingi zinakouawa, kwa hiyo siku hiyo kaa nyumbani uangalie. Tundu la ukutani la milimita 65 lielekee chini kwa upande wa nje, ili mvua isiingie na maji ya kiyoyozi yatoke. Bomba la maji lishuke angalau sentimita moja kwa kila mita, lisipandishwe popote, na ncha yake isitumbukizwe kwenye maji. Kabla kifuniko hakijarudishwa, mwambie fundi amimine lita moja ya maji kwenye trei ya ndani, wewe uende nje. Maji yatoke yote bila kusitasita. Yakichelewa leo, ndiyo hayo yatakayochuruzika ukutani wakati wa masika.

Paipu za kopa za BTU 9,000 na 12,000 huwa robo inchi na tatu-ya-nane. Akizikata, mdomo wa paipu uangalie chini wakati anakwangua makali, ili chenga za kopa zidondoke sakafuni, zisiingie ndani ya kompresa. Kisha anautanua mdomo, anaupaka mafuta kidogo, anakaza nati kwa spana ya kupimia: nyutonimita 16 hivi kwa robo inchi, na 38 hivi kwa tatu-ya-nane. Ikilegea inavuja. Ikikazwa kupita kiasi, mdomo unapasuka na gesi inatoka kidogo kidogo kwa miezi. Kila paipu ivishwe sponji yake, zisivikwe pamoja.

Baada ya hapo apime uvujaji kwa kujaza naitrojeni kwa mgandamizo wa psi 450 hivi, nusu saa, huku akipaka povu la sabuni kwenye nati. Kamwe asitumie oksijeni. Oksijeni ya mgandamizo ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka na kuua. Halafu avute vakyumu, yaani atoe hewa na unyevu ndani ya paipu kwa pampu, mpaka geji ishuke chini ya mikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki), afunge vali, asubiri dakika 10. Ikipanda ikapita 1,000, kuna unyevu au uvujaji. Wapo wanaoruka hatua hii, wanaachia gesi kidogo "ifukuze hewa". Hapo unyevu unabaki ndani, unachanganyika na mafuta na kutengeneza asidi, na asidi inakula waya za kompresa. Mashine itapoza vizuri mwaka wa kwanza, ndiyo maana fundi wa namna hiyo haonekani mbaya mpaka garanti iishe.

Hili la gesi mweleze na shemeji: gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika kama ya jikoni. Fundi akija kila mwaka "kuongeza gesi", pana mahali panavuja, apatafute kwanza. Na mashine ya R32, ambayo ni aina ya gesi, ijazwe R32 tu.

Kila mashine iwe na laini yake kutoka kwenye bodi kuu ya umeme wa nyumba, waya wa milimita 2.5 kwa ndogo na 4 kwa ile ya sebuleni, na sakiti breka yake. Weka na kilinda umeme chenye kuchelewesha dakika tatu hadi tano, maana umeme unaporudi ndipo unaporuka na kuunguza bodi ya mashine.

Mashine za nje zisitazame bahari. Chumvi inatafuna mapezi ya alumini mpaka yanakuwa unga. Nunua yenye mapezi yaliyopakwa kinga, funga kwenye vyuma vilivyochovywa zinki badala ya vilivyopigwa rangi tu, acha sentimita 20 nyuma na mita moja mbele. Mara moja kwa mwezi imwagie maji ya bomba, bila presha, baada ya kuzima umeme. Chujio za ndani zioshwe kila wiki mbili. Hiyo hata watoto wanaiweza.

Kuhusu kumpatia joto bibi kule Lushoto, nimefurahi umeuliza. Baridi ya Juni na Julai inamsumbua, lakini tafadhali, lile jiko la mkaa litoke chumbani mwake usiku huuhuu ukisoma barua hii. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Chumba chake kimoja kinatosha spliti ya BTU 9,000, lakini soma lebo: nyingi zinazouzwa huko ni za kupoza tu. Unataka inayopasha pia. Kwa baridi ya Lushoto, kila yuniti moja ya umeme inaleta ndani joto la yuniti tatu au zaidi, kwa sababu mashine inalichota joto kutoka hewa ya nje, hailitengenezi. Hita ya waya inatoa yuniti moja tu ya joto kwa kila yuniti moja ya umeme. Kabla ya yote, ziba nafasi chini ya mlango wake na mwekee dari kama bado hana.

Kabla hujalipa chochote, nipigie picha lebo ya mashine, ile ya ubavuni yenye BTU, aina ya gesi na ampia, na picha ya ukuta atakapofunga mashine za nje. Fundi wa dakti usimpe malipo ya awali mpaka nikujibu.

Nisalimie shemeji, watoto, na bibi umbusie mikono.

Mdogo wako,
Hamisi