Risala ya Wafanyabiashara na Wasagishaji wa Nafaka kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Usalama wa Chakula Duniani, Juni 7

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi mlioambatana naye, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Karibu sana sokoni kwetu. Tunajua ratiba yako imebana, na tunashukuru umefika mwenyewe. Tumezoea kusomea risala wawakilishi.

Historia yetu ni fupi. Tulianza na mizani moja ya kuazima. Leo tuna mizani yetu, maturubai 6 na vichanja 2 vya kisasa vya miti, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, tumeipiga marufuku, amri inayoheshimiwa sana siku za ukaguzi.

Mheshimiwa, jambo letu ni sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, sumu hii iliugulisha watu 68, na 20 kati yao wakafariki. Tangu 2019 usalama wa chakula unasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, na kikomo kinajulikana: mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi, na aina moja ya sumu hiyo, iitwayo B1, isizidi 5. Kwa hesabu ya sokoni, gramu moja tu ya sumu ndani ya magunia 1,000 ya kilo 100 imekwishafika kikomo. Ulimi hauionji, na kusonga ugali hakuiondoi.

Wakaguzi huja, huchukua sampuli, huondoka. Mahindi hapa hulala siku mbili, majibu hulala wiki kadhaa. Yakifika, tunaarifiwa tulichokwisha kula.

Sampuli nayo ina hila zake. Kuvu haisambai sawasawa. Punje chache huweza kubeba sumu ya gunia zima. Ukichoma bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea sampuli, mara moja mdomoni mwa gunia la juu, utapata mahindi safi na cheti kizuri. Yafaa kuchoma juu, kati na chini, magunia ya pande zote za shehena, kuchanganya, kusaga yote, ndipo upunguze unga wa kupima. Anayepunguza kabla ya kusaga anacheza bahati nasibu.

Kwa unyevu tunatumia chumvi: mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, unatikisa, unaacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayajakauka. Lakini chumvi huanza kuganda unyevu ukizidi takriban asilimia 15, na kiwango ni 13.5. Mahindi yaliyo katikati hapo hupita salama salimini, yakaenda kuvundia ghalani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba kituo cha upimaji hapa hapa sokoni: vipima unyevu 2, mabambo marefu 4, kinu cha kusagia sampuli, kifaa cha vipimo vya haraka vya sumukuvu, jokofu, na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vya msimu mzima. Tunarudia: vitendanishi. Ahadi hii tumeipigia makofi mara mbili, na safari moja kililetwa kifaa kitupu, kikapigwa picha, kikarudi na gari lililokileta.

Tunaomba pia utaratibu wa mahindi yatakayofeli. Mfanyabiashara akikataliwa bila fidia wala mahali pa kuyapeleka, atayauza usiku kwenye gulio la jirani. Yakikobolewa, sumu nyingi hubaki kwenye pumba. Pumba hulishwa ng'ombe, na sehemu ya sumu huingia kwenye maziwa ya watoto wetu.

Vijana 2 wa kidato cha nne tayari tumewateua wapewe mafunzo. Chumba kipo, kina umeme wa Luku na kufuli mbili. Kwa sasa kinatunza viti vya wageni, pamoja na hicho ulichokalia.

Tunaomba kuwasilisha.