Askari wetu wapewe kivuli cha miti

Mhariri,

Kila Oktoba 20, Siku ya Mashujaa, hotuba hujaa hapa Mombasa. Zikiisha, sanamu za askari pale Barabara ya Jomo Kenyatta hurudi kutazama matatu. Wapita njia wengi hawajui kuwa ni ukumbusho wa wanajeshi na wapagazi Waafrika wa vita vya 1914 hadi 1918. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi na njaa, si risasi.

Marekani, tangu 1945, vilabu vya bustani huweka alama za Blue Star na kupanda miti kando ya barabara kwa heshima ya wanajeshi. Sisi wa vikundi vya bustani tunaweza jambo kama hilo, bila hata kungoja bajeti kubwa. Kaunti itupe kipande cha ardhi tu, na hati ya kuzuia kisije kugeuka vibanda.

Tupande mwarobaini, mkilua, mlangilangi na asumini. Nyasi za kuagizwa za nini? Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi, na ya mfereji mnayajua wenyewe. Miche itiwe ardhini masika yakianza, Aprili, ipate nguvu kabla ya kiangazi.

Na wastaafu wa jeshi, wakiwemo wanamaji wa Mtongwe, waulizwe kwanza wanataka nini. Nadhani wengi watataja viti vyenye egemeo kabla ya maua.

Msomaji wenu,
Majengo, Mombasa