Vidonge vya usingizi na huo umri unaoutaka

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu Mwanakombo,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila joto tu: kaskazi imeshika na usiku mashuka yote yanalowa jasho. Ujumbe wako wa sauti, kwamba usingizi hauji na unaogopa utajifupishia umri, niliusikiliza, nikaona jibu lake si la kusemwa kwa simu. Bora barua, uisome taratibu, na huyo mwanao naye aisome.

Kwanza vidonge. Unasema dukani kwa dawa hapo karibu na kwenu walikupa diazepam, hiyo dawa ya kutuliza na kulaza, bila karatasi ya daktari, nawe unameza kimoja kila usingizi ukichelewa. Mwanakombo, nimekaa wodini miaka mingi. Bibi zetu niliowapokea wamevunjika nyonga, mara nyingi maelezo yalikuwa yale yale: aliamka usiku kwenda chooni, taa imezimwa, kichwa kizito, mkeka ukamtega. Dawa za jamii hiyo hazitoki upesi kwenye mwili wa mtu wa umri wetu. Unameza usiku, asubuhi bado imo damuni, na usiku wa pili unaipandishia nyingine juu yake. Madaktari wa wazee wa Marekani wana orodha ya dawa za kuepukwa na waliovuka miaka 65, na hizo zimo, kwa sababu ya kuanguka na kuchanganyikiwa. Hata Piriton, hiyo hiyo tunayogawiana kama peremende mtu akipiga chafya, nayo imo. Kama umekuwa ukimeza kila usiku kwa wiki nyingi, usikate kwa mpigo, mwone daktari akupunguzie kidogo kidogo. Kama ni mara moja moja, basi yaishe.

Sasa hofu yako. Ule ujumbe wa WhatsApp, ati asiyelala saa nane anajifupishia maisha, umechukua nusu ya habari. Ni kweli, watafiti wakiwafuatilia watu wazima kwa miaka, wanaolala kidogo sana hufa mapema zaidi. Lakini wanaolala zaidi ya saa tisa nao ni vivyo hivyo, na hapo mwandishi wako kanyamaza. Wengi wa hao, watafiti wanadhani, hawauawi na usingizi. Ni maradhi, pengine moyo, pengine huzuni, ndiyo yanayowalaza. Kwa waliovuka 65 kinachopendekezwa ni saa saba mpaka nane. Hebu tupige hesabu. Kuna siku ukishaswali Isha unalala saa mbili na nusu, halafu unalalamika umeamka saa tisa na nusu na nyumba nzima iko kimya. Hapo katikati ni saa ngapi, bibiye? Saba! Umeshapata haki yako. Tukizeeka usingizi unaingia mapema na kutoka mapema, na ule mzito unapungua, ndiyo maana kijiko kikianguka jikoni unashtuka. Hilo si ugonjwa.

Linalonitia wasiwasi ni zile siku nyingine. Tamthilia ya Kituruki na wajukuu mpaka saa sita. Unaswali Alfajiri unarudi kitandani mpaka saa nne. Mchana unalala tena, Asri inakukuta ndani ya shuka. Kisha usiku unauliza usingizi umekwenda wapi! Waingereza wana mradi wao mkubwa wa afya, UK Biobank. Humo watu zaidi ya 60,000 walivaa kifaa mkononi kwa wiki moja, kikanakili wanalala lini na wanaamka lini, wakafuatiliwa miaka kadhaa. Matokeo yaliyochapishwa 2024 yalionyesha kwamba wenye saa zisizoyumba walikufa wachache kuliko wanaolala leo hivi kesho vile, na kuyumba huko kulibashiri vifo vizuri zaidi kuliko idadi ya saa. Sikwambii mpangilio peke yake ndio uliowaongezea umri, maana mgonjwa naye usingizi wake huvurugika. Lakini kati ya kidonge na kuamka wakati mmoja kila siku, najua kipi hakivunji nyonga.

Basi shika saa ya kuamka. Ya kulala huwezi kuilazimisha, itajipanga yenyewe baada ya siku kadhaa. Alfajiri inakuamsha tayari, kwa hiyo baki macho, na kukipambazuka toka roshani au shuka chini ukakae juani. Mwangaza wa asubuhi ndio unaouambia mwili mchana umeanza, na taa ya sebuleni haifui dafu mbele yake. Mchana ukichoka lala, nani amekukataza, lakini iwe nusu saa tu na kabla ya saa tisa. Ile kahawa ya tangawizi unywe asubuhi. Ukiinywa baada ya Magharibi, saa tano za usiku karibu nusu yake bado inakuchezea.

Halafu huku kuamka kwenda haja mara tatu. Dawa yako ya presha, ile inayokojosha, unaimeza saa ngapi? Kama ni pamoja na chakula cha usiku, muulize daktari kama inaweza kuhamia asubuhi. Akikubali, utashangaa. Mkeka wa ukumbini nao utoe leo, na taa ndogo ya njia ya chooni mwanao ainunue kabla ya kesho.

Na lile la mkwe wako, kwamba unakoroma mpaka chumba cha pili, kisha kimya, kisha unashtuka ukihema, msilicheke. Huenda ni pumzi inayokatika usingizini. Inapandisha presha, inaumiza moyo, na vidonge vya usingizi vinaweza kuizidisha. Siku moja wakurekodi kwa simu, rekodi hiyo umchezee daktari. Atakuelewa upesi kuliko ukimwambia "siku hizi nachoka."

Miguu je? Hapa tunatoka kukishapambazuka, tunapita Ngomeni mpaka ufukweni Mama Ngina, buibui na raba. Mmoja wetu goti linamsumbua. Hufika nusu ya njia akakaa ukutani, akatungoja huku akimsengenya kila apitaye, na hakosi hata siku. Katika utafiti wa 2019 wa wanawake karibu 17,000 wa Marekani, wastani wa umri wao miaka 72, waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko wa hatua 2,700, na baada ya kama 7,500 tofauti haikuongezeka. Kwa hiyo zile 10,000 zinazoandikwa kwenye simu ya mwanao zisikutishe. Teremka ngazi, nenda mpaka kwa muuza mboga, rudi. Na umpate mwenzio wa kwenda naye, kwani huko ghorofani unashinda na runinga tu, na ungekuwa huku tungeshakuja kukubishia hodi.

Ijumaa baada ya Asri nitakupigia. Toa pakiti zote za dawa, na zile za kabati la jikoni pia, unisomee majina na saa unazomeza. Nitajie na tarehe yako ya kliniki ya presha. Wajukuu wasalimie sana, na waambie bibi yao tamthilia ataitazama mchana, marudio yapo.

Wasalaam,
Rukia