Bendera za ofisi za kata zipewe mtu wa kuzitunza

Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya bendera ya Taifa kwenye ofisi zetu za kata na vijiji. Nyingi zimechanika ncha, nyingine zimepauka hadi huwezi kutofautisha kijani na bluu, na nyingine zinapepea kichwa chini. Watu hudhani watendaji wamekosa uzalendo. Kwa maoni yangu, tatizo ni kwamba bendera haina mwenyewe: haijatengewa fedha wala kuandikwa kwenye daftari la vifaa, na anayeipandisha ni mgambo au mhudumu ambaye hajawahi kuelekezwa.

Kuifunga kichwa chini ni rahisi kwa sababu pindo la upande wa mlingoti lina ncha mbili zinazofanana. Kona ya kijani ndiyo inayofungwa juu, kona nyeusi chini yake, na bluu haigusi mlingoti kamwe. Ukisimama upande wowote wa bendera, mkanda mweusi uonekane unapanda kadiri unavyotoka mlingotini. Ukiuona unashuka, ishushe uifunge upya. Ili kosa lisijirudie, shona kijiti cha kufungia kwenye ncha ya kijani peke yake.

Vipimo navyo vinapuuzwa. Urefu wa bendera uwe kama robo ya mlingoti. Mlingoti wa mita 6 unataka bendera ya mita 1.5 kwa 1, ambayo inatimiza uwiano wa 3 kwa 2. Kubwa kuliko hapo hujiviringisha kwenye bomba na kujisugua hadi kuchanika. Kamba iwe mara mbili ya mlingoti na ziada ya mita moja, yaani mita 13. Wakati wa kubadilisha kamba, usiifunge mpya kwa fundo kwenye ile ya zamani, maana fundo hukwama kwenye kapi, kile kigurudumu cha kileleni kinachopitisha kamba, na hapo hakuna wa kupanda. Ziunganishe ncha kwa ncha kwa uzi na sindano, kisha vuta taratibu.

Bendera ishushwe saa 12 jioni. Inayolala juu hupigwa na upepo na umande usiku kucha, na ncha ya mbali ndiyo huanza kufumuka. Ikilowa mvua, ianikwe kivulini kabla ya kukunjwa, la sivyo itaota ukungu. Kila ofisi iwe na mbili za kupokezana.

Penye kasoro kubwa zaidi ni nusu mlingoti, yaani bendera inaposhushwa kidogo kutoka kileleni kuonesha maombolezo. Februari 2024 bendera zilishushwa kwa siku 5 baada ya kifo cha Waziri Mkuu wa zamani Edward Lowassa tarehe 10, na kabla mwezi haujaisha, tarehe 29, akafariki Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi, maombolezo ya siku 7. Ratiba kama hiyo inataka mtu wa kuhesabu siku. Asipokuwepo, ofisi moja huchelewa kushusha na nyingine husahau kurudisha juu, wiki zikapita wananchi wakiulizana nani tena amefariki.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Pandisha bendera hadi kileleni kwanza, isimame kidogo, ndipo uishushe hadi nafasi yake. Jioni, ipandishe tena kileleni kabla ya kuishusha kabisa. Kati ya kilele na ukingo wa juu wa bendera pabaki nafasi isiyopungua upana wa bendera yenyewe. Ikiwa pungufu, inaonekana kama kamba imelegea tu. Funga uzi wa rangi kwenye kamba mahali hapo, na kila mtu atapata kipimo kilekile.

Ombi langu kwa wakurugenzi wa halmashauri: bajeti ijayo iweke kwa kila kata bendera mbili, kamba na kapi moja la akiba. Mtendaji amteue kwa maandishi mtu mmoja na msaidizi wake, na daftari lioneshe saa ya kupandisha, saa ya kushusha, na tarehe ambayo maombolezo yanaanza na kuisha. Bendera iliyochakaa irudishwe stoo ya halmashauri ndipo itolewe mpya, isiishie kuwa tambara la kufutia meza.

Msomaji wako,
Morogoro