Kabla hujanunua hata hisa moja

Ndugu yangu mpendwa,

Barua yako ilinifikia juzi na nimeshaisoma mara mbili. Pole kwa kuiaga kazi uliyoizoea, na hongera kwa kiinua mgongo kilicholipwa bila kuzungushwa. Umeniuliza, "Ninunue hisa au hati fungani, kipi kinalipa zaidi?" Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo, umegusia kwamba kuna mtu kakuhakikishia hisa za kampuni fulani haziwezi kushuka. Huo mstari wa mwisho ndio ulioninyima usingizi, na ndiyo maana nimeona nikuandikie kwa kirefu.

Tuanze na vitu vyenyewe. Ukinunua hisa, umekuwa mmoja wa wenye kampuni. Kipande chako kinaweza kuwa kidogo sana, lakini ni mali yako: unapiga kura kwenye mkutano mkuu, na kampuni ikigawa faida unapata gawio. Isipogawa, hupati, wala huna wa kumdai. Ukinunua hati fungani, wewe ni mkopeshaji. Serikali au kampuni imekopa kwako, na imeandika itakulipa riba kiasi gani, kwa tarehe zipi, na mtaji wako utarudi lini, yaani siku hati itakapoiva. Kampuni ikineemeka kupita kiasi, mwenye hisa ndiye anayechekelea. Wewe riba yako ni ileile. Ikifilisika, wanaoidai hulipwa kwanza na wenye hisa wanakuwa mkiani mwa foleni, na mara nyingi zamu yao inapofika hakuna kilichobaki.

Kuna jambo moja la hisa ambalo wengi hawaambiwi mapema. Mwaka 1602 Waholanzi walianzisha kampuni ya biashara ya India Mashariki, ile VOC, wakakusanya fedha za watu wengi kugharimia safari za merikebu. Aliyeweka fedha zake hakuweza kwenda kuzidai kila alipojisikia. Akitaka kutoka, ilibidi atafute mtu pale Amsterdam wa kuinunua nafasi yake. Mpaka leo mambo ni hayohayo. Ukichoka na hisa zako, kampuni haikurudishii chochote. Unamuuzia mtu mwingine, kwa bei aliyo tayari kuitoa siku hiyo. Kama siku hiyo watu wamejaa hofu, bei yako ni ya hofu.

Hili nililijua kwa machungu, na sikuwahi kukusimulia. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimeweka akiba ya ada ya mdogo wangu, imebaki miezi kumi ilipwe. Mwenzangu kazini akanionyesha hisa za kampuni moja zinavyopanda, nikaona fedha zangu zimekaa bure. Nikanunua. Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa nafungua simu kabla hata sijanawa uso, natazama namba za kijani. Kisha zikawa nyekundu. Kufikia mwezi wa nane, thuluthi ya akiba ilikuwa imeyeyuka. Kampuni yenyewe haikuwa na tatizo, ilikuwa inazalisha na kuuza kama kawaida. Soko zima ndilo lililoingiwa na woga. Chuo nacho hakingojei soko litulie. Siku ya mwisho ya kulipa nilikaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, kidole kimeganda juu ya neno "Uza" kwa dakika nyingi, mwishowe nikabonyeza. Pengo nikaenda kulikopa. Mwaka uliofuata bei ikarudi ilipokuwa, ikapita, nami simo.

Nimelitafakari sana jambo lile. Kilichoniumiza ni tarehe ya ada. Fedha zilezile, hisa zilezile, zingekuwa za mtu asiyezihitaji kwa miaka kumi, angelalamika kidogo na kuendelea na shughuli zake. Kwa hiyo ukiniuliza kipi kinalipa zaidi, mimi nitakuuliza kwanza: fedha hizi unazitaka lini?

Usije ukanielewa kwamba ukisubiri tu lazima upate. Katika anguko lililoanza 1929 kule Marekani, faharisi ya Dow Jones, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za huko, ilishuka kutoka kileleni kwa karibu asilimia 89 kufikia Julai 1932. Piga hesabu: 100 yako imebaki 11, na ili irudi kuwa 100 lazima iongezeke mara tisa. Faharisi hiyo ilirudi pale ilipokuwa Novemba 1954. Japani nayo, faharisi yao ya Nikkei ilifika kilele mwishoni mwa Desemba 1989, na haikukivuka tena mpaka Februari 2024. Waliokuwa wakipokea gawio njiani walipata ahueni, lakini aliyeingia kileleni na fedha zake zote, katika nchi moja, aliona mambo. Ndiyo maana watu makini hununua kampuni nyingi za sekta tofauti, ikiwezekana na za nchi tofauti, na huingiza fedha kidogo kidogo kila mwezi badala ya kumwaga zote siku moja.

Sasa hati fungani, kwa sababu nahisi wewe unazihesabu kuwa mahali pasipo na hatari kabisa. Chukua hati ya 100 inayolipa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, imebakiza miaka kumi kuiva. Kesho riba za sokoni zikapanda, hati mpya zinazofanana na yako zikaanza kulipa asilimia 12. Nani atakupa 100 kwa hati yako ya asilimia 10? Hakuna. Ukilazimika kuiuza utapata kama 89. Hati hiyohiyo ingekuwa imebakiza mwaka mmoja tu, ungepata kama 98. Ukikaa nayo mpaka iive, mkopaji naye akatimiza ahadi, utapata 100 yako kamili na yale mabadiliko ya katikati hayatakugusa. Umeona? Tarehe tena. Kadiri hati inavyokuwa ya muda mrefu, ndivyo bei yake inavyoyumba riba zinapobadilika.

Na mkopaji anaweza kushindwa kulipa, hata akiwa serikali. Mwaka 2012 wakopeshaji binafsi wa Ugiriki walibadilishiwa hati zao, na thamani iliyoandikwa ikakatwa kwa asilimia 53.5. Kwa hiyo ukiona hati inatoa riba kubwa kuliko wenzake wote, jiulize kwa nini mkopaji huyo analazimika kulipa ghali hivyo. Kisha kuna mfumuko wa bei, ambao hauna kelele. Riba ikiwa asilimia 8 na bei za vitu zikapanda kwa asilimia 10, daftari litaonyesha umepata, ila mwisho wa mwaka fedha hizo zitanunua vitu vichache kuliko mwanzoni.

Nirudi kwa huyo mtu wako wa hisa zisizoshuka. Hisa za Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ziliuzwa zaidi ya dola 90 kila moja Agosti 2000. Ilipofika Desemba 2001 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na hisa ilikuwa chini ya dola moja. Wanaonisikitisha zaidi ni wafanyakazi wake waliokuwa wameweka akiba ya uzeeni kwenye hisa za kampuni hiyohiyo iliyowalipa mshahara. Kazi na akiba vikaondoka kwa pamoja. Naamini wengi wao nao walikuwa na mtu wa kuwahakikishia. Nakusihi, kiinua mgongo chote kisiingie kwenye jina moja, hata liwe kubwa namna gani.

Kama hutaki kuchagua kampuni moja moja, na sioni kwa nini utake kwa sasa, kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Watu wanachanga, meneja ananunua hisa na hati nyingi, kila mmoja anamiliki vipande. Iko pia mifuko inayofuata faharisi ya soko bila kujaribu kulishinda; John Bogle wa Vanguard, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, alianzisha wa kwanza kwa wawekezaji wa kawaida mwaka 1976, na sifa yake kubwa ni kwamba ada zake huwa ndogo. Usidharau ada. Weka 100 ikue kwa asilimia 8 kila mwaka kwa miaka 30, utakuta kama 1,006. Ada zikila asilimia 2 tu kila mwaka, ukabaki na 6, utakuta kama 574. Nilipoipiga hesabu hiyo mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikairudia.

Sasa mambo yako. Umenitajia matatu: kuezeka nyumba mwakani, chuo cha binti baada ya miaka minne, na uzee wako. Fedha za paa zisiende karibu na hisa kabisa. Ziweke benki au kwenye dhamana za serikali za muda mfupi, na usisikitike kwamba zinazaa kidogo. Kazi yake ni kuwepo fundi atakapokuja. Za binti, tafuta hati fungani itakayoiva kabla ya mwaka huo wa chuo, ili usilazimike kuiuza katikati kama mimi. Za uzeeni ndizo zinazoweza kuvumilia mfuko wa hisa, tena changanya na hati kwa kiasi ambacho hata ukiona nusu ya sehemu ya hisa imepotea kwenye karatasi, bado utalala. Hicho kiasi unakijua wewe peke yako. Na tenga kwanza matumizi ya miezi kama sita, kwa ajili ya ugonjwa na dharura, kabla ya hayo yote.

Nina maombi mawili. Niandikie hizo tarehe tatu na kiasi unachokadiria kwa kila moja, tuzipange pamoja. La pili, mwombe yule bwana hesabu zilizokaguliwa za hiyo kampuni kwa miaka mitano, na umuulize leseni yake ya udalali imetolewa na mamlaka gani. Akizileta, nitumie tuzisome wote. Mpaka hapo usitie saini popote, hata akisema nafasi inafungwa Ijumaa.

Msalimie binti. Nasubiri barua yako.

Ni mimi,
rafiki yako wa siku zote