Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga: wagonjwa wa lupasi wanahitaji muuguzi anayeujua ugonjwa wao

Kwako Mganga Mkuu wa Mkoa,

Salaam, na pole kwa majukumu.

YAH: UUGUZI WA WAGONJWA WA LUPASI NA MAGONJWA MENGINE YA KINGA YA MWILI

Mimi ni mshonaji hapa Makorora, na mdogo wangu wa kike ana lupasi. Sikuandikii kuomba daktari bingwa. Mabingwa wa magonjwa haya ni wachache mno nchini, nalijua hilo. Ninachoomba kiko ndani ya uwezo wa ofisi yako: wauguzi wa zahanati na vituo vya afya wafundishwe ugonjwa huu, na wapewe vitu vichache vya kuufuatilia. Mgonjwa akishaonwa Muhimbili au KCMC, anarudi Tanga. Anayebaki naye mwezi hadi mwezi ni sista wa kituo cha jirani.

Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, kwa mgonjwa wa lupasi huugeukia mwili wenyewe: ngozi, viungo, damu, figo. Katika kila wagonjwa 10, takriban 9 ni wanawake, wengi wao wa umri wa kuzaa. Hauambukizi. Lakini dalili zake zinafanana na za maradhi kibao: homa zisizokwisha, viungo kuuma, vidonda vya mdomoni, nywele kukatika, uchovu wa kumlaza mtu mchana kutwa. Ndiyo maana mdogo wangu alipimwa malaria, taifodi, kisha UKIMWI zaidi ya mara moja, huku wazee nyumbani wakimwandalia kombe. Wazee siwalaumu.

Lililoniuma ni la usoni. Lupasi hutoa ukurutu unaotanda mashavuni na kuvuka pua, kama kipepeo aliyekunjua mbawa. Vitabu husema ni wekundu, lakini kwenye ngozi zetu mara nyingi ni weusi au zambarau. Muuguzi aliyempokea kwenye kituo kimoja akamwambia mbele ya foleni nzima, “Binti, mkorogo huo utakuua. Acha kwanza ndipo uje hapa.” Mdogo wangu hajapaka kitu maishani zaidi ya mafuta ya nazi. Alijifunika mtandio akarudi nyumbani, na ikapita miezi bila kukanyaga kituo chochote. Yule sista simshitaki. Mkorogo mjini upo na makubwa yake ameyaona. Ila nina hakika hakuna aliyewahi kumwonyesha hata picha moja ya lupasi kwenye ngozi nyeusi.

Sasa figo, maana hapo ndipo penye hatari. Lupasi ikiingia kwenye figo haipigi hodi. Mgonjwa haumwi popote; mkojo tu unatoa povu, na jioni ndala zinambana. Kijiti cha kupimia mkojo na mashine ya presha vinaweza kuonyesha dalili mapema, na shughuli yote haimalizi dakika tano. Wajawazito wetu hupimwa hivyo hivyo kliniki. Sisi tuliambiwa dirishani kwamba vijiti ni vya wajawazito tu.

Jua la pwani nalo linaweza kuuamsha ugonjwa uliokuwa umetulia. Mabenchi ya kusubiria mara nyingi yako nje, na ikifika saa nne asubuhi kivuli kimeshahama. Muuguzi anayejua atamwita ndani, na hatamkalisha kando ya anayekohoa, kwa sababu baadhi ya dawa anazomeza zinashusha kinga.

Dawa zenyewe zina mambo. Prednisoloni humvimbisha mtu uso, mtaani wakamsifu kwamba amenenepa, amepona. Msichana akijitazama kwenye kioo anaiacha ghafla. Mwili uliokwisha kuizoea unakuwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe. Ukikatiwa ghafla presha inaweza kuporomoka hata mtu akafa. Dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Ikikaribia Ramadhani maswali huongezeka: nifunge? Nimeze wakati wa daku au baada ya futari? Anayeulizwa ni muuguzi, maana daktari anaogopwa.

Haidroksiklorokwini ndiyo nguzo ya tiba, humezwa kila siku, na kwa kawaida huendelea hata katika ujauzito. Nchi yetu iliiondoa klorokwini kwenye tiba ya malaria mwaka 2001, basi kuna mahali ukitoa cheti unajibiwa kwamba dawa hiyo ilishafutwa. Ni dawa ndugu, si dawa ile ile, na ugonjwa ni mwingine.

Na homa. Mgonjwa anayemeza dawa hizi akija na joto la nyuzi 38, isiwe kupima malaria, haipo, panadoli, nenda nyumbani. Huenda ni maambukizi makali, huenda ni lupasi imeamka. Yote mawili ni ya kuonwa na daktari siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo, Daktari, naomba kila wilaya, Lushoto, Kilindi, Pangani na nyinginezo, iteue angalau muuguzi mmoja afundishwe haya, naye awafundishe wenzake kwenye vikao vyao vya kawaida. Faili la mgonjwa liwe na kadi ya ukurasa mmoja: dawa na dozi, uzito, presha, majibu ya mkojo, na namba ya simu ya daktari wa kuulizwa. Hospitali ya mkoa itenge siku moja kwa mwezi kwa wagonjwa wa kinga ya mwili, ili wasipotelee kwenye foleni ya jumla. Na vijiti vya mkojo pamoja na haidroksiklorokwini viingizwe kwenye maombi ya Bohari ya Dawa kabla havijaisha. Kama ni lazima kuanza na kimoja, anza na kadi. Gharama yake ni karatasi.

Tunaouguza ndugu zetu tuko tayari kuja ofisini kwako kuzungumza na wauguzi, na mdogo wangu amekubali kuja waione ngozi yake kwa macho yao. Siku yoyote utakayopanga, isipokuwa Ijumaa mchana.

Wako,
Dada wa mgonjwa,
Makorora, Tanga